Tairi Zinazobana Barabara

Jumatatu, 12 Januari

Nina miaka sabini na nane. Nimepita vita viwili, nimezika mke mmoja na Fuso tatu. Volkano ya Nyiragongo ilimeza nyumba yangu, mimi ikaniacha. Nilishuka na mizigo mlima wa Ngomo, tope mpaka dirishani — breki hakuna! Leo Laurentine, binti yangu, niliyemfundisha usukani mimi mwenyewe, eti macho yangu na theluji ya hapa Uswidi haviendani. Papa, ukiteleza mara moja tu, ufunguo wa gari unanipa! Nikasema sawa. Nilisema kwa hasira.

Eti nipande treni! Kila Jumapili namchukua Mama Emérithe hapa Akalla, nampeleka kanisani Spånga. Mjane wa Burundi, sauti nzuri, heshima nyingi. Anakaa kiti cha mbele. Treni ina kiti cha mbele?

Jumanne, 13 Januari

Tairi zangu za baridi zimezeeka. Misumari ya kushika barafu imeng'oka yote, zina upara kama mimi. Lakini nimepata nyingine! Kwa Mswidi mmoja mwenye villa Spånga. Pana, nyeusi, zinang'aa kama viatu vya askofu. Alinisikia naongea na simu, akasema "Jambo!" Kumbe alishatembea Kenya. Mimi na Kiswidi hatujapatana bado, ila huyu alijitahidi na Kiswahili. Akapiga tairi kofi: "Bara bana! Bara bana!" Mara tatu, na kidole juu. Nikamwelewa vizuri sana. Barabara — zinabana! Nikamjibu, zibane kabisa, ndugu yangu! Akashika kichwa kwa mikono miwili.

Alifurahi, yule.

Alhamisi, 15 Januari

Theluji tangu jana. Tairi nimefunga mwenyewe. Jirani yangu Évode, fundi wa mabasi, akaja kwenye parking, akainama, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Mzee! "Bara" kwa Kiswidi ni "tu". "Bana" ni uwanja wa mashindano ya magari. Uwanjani tu! Yule mtu alikuwa anakukataza! Hizi zinataka lami kavu na joto. Kwenye baridi zinakuwa ngumu kama sahani, na hazina mifereji ya kushika theluji. Polisi wakiziona, umekwisha.

Nikamuuliza, na tunnelbana je, treni ile ya chini ya ardhi? Si bana ile? Mbona inatembea na theluji zote? Akaokota kofia yake.

Nikamwambia, nilishika usukani mama yako hajazaliwa. Akasema, ndiyo Mzee, lakini kule Ngomo kulikuwa na theluji?

Nikakohoa sana. Nilikuwa na kikohozi.

Jumamosi, 17 Januari

Zinataka joto? Nitazipa joto! Nimezifunga blanketi, zote nne, ndani chupa za maji ya moto. Mswidi mmoja akasimama na mbwa wake, wakaangalia. Hawajawahi kuona fundi.

Nikatoa blanketi, nikajaribu. Gari likazunguka kidogo. Sawa — likazunguka lote. Likabaki linaangalia nilikotoka. Hakuna aliyeona.

Nikapiga simu kwa Mama Emérithe nimwambie kesho tupande treni. Hata sijasema, yeye akauliza: Papa Laurentine, kesho naweza kuvaa vile viatu vyangu vizuri? Maana na wewe sikanyagi theluji.

Vaa, nikasema.

Jumapili, 18 Januari

Naandika ndani ya gari, haraka, kabla watu hawajageuza habari. Tumefika!

Asubuhi joto tena, blanketi tena. Tulikuja polepole, baiskeli ilitupita. Mama Emérithe aliimba njia nzima. Kwenye kilima cha kanisa akaacha kuimba. Gari lilipanda nusu. Likafikiri. Likaanza kurudi nyuma, lenyewe, na breki nimekanyaga mguu mzima! Likageuka taratibu, kwa adabu, likaingia katikati ya magari mawili, sawasawa kama limepimwa. Halikugusa hata kioo.

Nikasema, hivi ndivyo tulivyokuwa tunapaki Ngomo.

Mama Emérithe, anayelijua sharti la Laurentine, akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo, akaufumba kiganjani.

Sasa Laurentine anashuka kutoka mlango wa kanisa. Anakimbia — anateleza! Yeye, kwa miguu! Ameshika mti. Anakuja tena. Amefungua mlango upande wa Mama, anahema: Mama, niambie kweli tupu, Papa ameteleza?

Mimi nimeinamisha kichwa, naandika. Niliendesha, nikafika, nikapaki. Asiyesadiki amuulize Mama Emérithe, alikuwa kiti cha mbele, na viatu vyake havina hata tone la theluji.

Mama anaviangalia sasa, viatu vyake. Ananiangalia mimi. Anacheka kidogo kidogo. Kiganja bado kimefumba.