Niliitikia Tu

Jumatatu, 3 Machi
Gitega, Burundi. Mvua tena. Injinia wa ujenzi wetu ni mgeni, ana Kiingereza tu. Mkalimani ni mimi, kwa sababu nimekulia Tanzania. Hapa wanaamini Tanzania nzima inaongea Kiingereza. Mimi niliishia darasa la sita. Sikukataa. Afadhali hii kuliko kubeba mawe.

Jumanne, 4 Machi
Mama Zubeda, mwenye nyumba, aliniazima jana kitabu cha Kiingereza cha binti yake. "Borrow" na "lend". Kwetu ni kuazima tu, anayetoa na anayepokea. "Accept" ni kukubali, "except" ni kuacha nje. Nilizikariri usiku. Asubuhi zilikuwa zimebadilishana viti. Mgongo unauma, sasa na kichwa.

Alhamisi, 6 Machi
Injinia ameongea kirefu. Nilishika "Sunday" na "all". Nikaitikia "yes, yes", kama tunavyomwitikia mkubwa anapozungumza. Si kukubali. Ni heshima. Amefurahi, amenipa mkono. Sijui wa nini.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejua. Karani mpya, anayejua Kiingereza, amefika kutoka Bujumbura na kututangazia: Jumapili kumwaga zege, watu wote. Mkalimani wenu amekubali.
Jumapili binti yangu anabatizwa nyumbani, Giteranyi. Mama yake ameshaalika majirani, pombe ya ndizi iko tayari.
Salvatori, fundi mwashi, alinijia na mwiko mkononi.
"We Mtanzania, umetuuza!"
"Niliitikia tu, kaka."
"Basi kaitikie tena! Shefu injinia iko pale."
Watu walicheka. Nikikataa, narudi kwenye mawe. Nikinyamaza, mtoto anabatizwa bila baba. Naogopa yote mawili.

Jumamosi, 8 Machi
Nilipanga sentensi nzuri, "accept" mahali pake. Mbele ya injinia zote zikatoroka. Nikasema "No". Kwa ishara nikapakata mtoto hewani, nikammwagia maji. Kisha nikamwomba karani amweleze ukweli: Alhamisi sikuelewa kitu.
Injinia amesogeza zege hadi Jumatatu. Ukalimani amepewa karani. Imeniuma, lakini ni haki.
"Karibu tena kwenye mawe, Mwingereza!" Salvatori huyo. Halafu akanitilia mfuko wa sukari mkononi, wa kumpelekea mama mtoto.
Napanda gari la Muyinga, niende Giteranyi.

Jumapili, 9 Machi
Giteranyi. Amebatizwa. Alilia maji yalipomgusa, sasa amelala kifuani kwangu. Baba mkwe ameniuliza jambo refu kuhusu shamba, huku wageni wakiimba. Kichwa kilikuwa kimeanza kuitikia chenyewe.
Nikamwomba arudie.