Wanja Amepumzika

S.L.P. 47,
Karurumo, Embu.
14 Agosti 1997

Mpendwa kaka Njeru,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Gaborone, na kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima. Mjomba Mbogo ameniambia ulivyokataa kuamini simu yake ya pili mpaka uone mwandiko wangu. Basi huu hapa, na zile herufi zangu zilizolala ulizokuwa ukizicheka.

Mama ndiye si mzima. Yuko wodini hapa Embu tangu Jumapili, presha ilimwangusha jikoni. Hajasema neno. Ameambiwa mara tatu kwamba niko hai, naye huugeuzia ukuta uso, anaona wanamdanganya ili ameze dawa. Daktari amenikataza kuingia ghafla, kwa hiyo nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje, na naogopa.

Yote yalianza shuleni Meru. Muhula uliopita nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikasahau nilichokuwa nafundisha, nikaanza kulia. Daktari alinipima akasema sina ugonjwa, kazi imenila, niende mahali pa joto nisishike chaki. Nilichagua Malindi. Nilibeba karatasi za mtihani nikasahihishe kisirisiri, lakini siku ya nne nilizisukuma chini ya godoro, nikakaa baharini maji yakinifika kifuani kama nyati. Kaka, nilikuwa nimesahau kulala kulivyo kutamu.

Mama sikumwambia. Amechuma kahawa miaka arobaini na mgongo ule, ningemwambiaje kwamba nimechoshwa na chaki? Nilimwambia jirani yangu Jedidah peke yake, nikamwachia ufunguo.

Sasa sikia. Mama alituma maharagwe kwa Igoki, yule mama wa mitumba anayekuja soko la Meru. Igoki hakunikuta, akamuuliza Jedidah. Jedidah ni Mmeru wa Kiirua, Kiembu hajui, Igoki naye Kimeru hakimkai, wakasaidiana kwa Kiswahili. Akajibiwa, "Wanja hayuko, amepumzika huko Malindi. Mama yake asijali sana."

Unajua kwetu ni nani husemwa amepumzika. Igoki alifika Karurumo Jumapili analia, akamkuta mama jikoni. Jioni hiyo viti vya kanisa vilikuwa uani kwetu, na mjomba alikuwa amekupigia ile simu ya kwanza, ya kifo changu.

Mimi nilishuka Jumanne mchana na nazi mbili za mama, mweusi kwa jua. Nilikuta picha yangu mezani, imewekewa maua. Shangazi Njoki alikimbilia kwenye nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, hakutoka mpaka nilipomtaja mtoto wake wa kwanza kwa jina. Ningecheka, kama mama angekuwa nyumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kiliniumbua nikiwa mzima.

Jumamosi

Niliacha hapo juzi kwa sababu muuguzi aliniita. Jana daktari aliniruhusu. Mjomba alitangulia, mimi nikaingia polepole nikimwita mama kwa jina alilorithi kwa nyanya yake, anavyopenda.

Mama aligeuza uso kutoka ukutani. Alishika mkono wangu akaminya kidole kimoja kimoja, kisha akanifinya, na akanifinya kwelikweli. Ndipo akasema neno lake la kwanza tangu Jumapili: "Ulichoka namna hiyo, ukamwambia daktari, ukamwambia jirani, mimi ukaninyima?"

Nilipiga magoti nikalaza kichwa kitandani kwake. Mkono wake wa kushoto bado haushiki kikombe, lakini jana usiku alikula uji wote.

Usije sasa, tiketi yako iweke. Mjomba Mbogo, shangazi Njoki na Jedidah, aliyekuja kutoka Meru kumwona mama, wanakusalimu; Jedidah anaomba radhi kila anapokohoa. Msalimie mkeo na watoto. Mungu awalinde huko ugenini. Mama anauliza kama nawe umechoka, na anataka umjibu yeye mwenyewe, kwa mkono wako.

Dada yako akupendaye, aliye hai,
Wanja