Upinde wa Baba Mkwe Una Ufa

Jumamosi, Rondo. Mvua imekatika na jua linawaka, lakini mimi mwili wote baridi.

Tupo kwa wakwe tangu juzi. Ngedere wanamaliza mahindi, na baba mkwe huwafukuza kwa upinde aliouchonga mwenyewe. Jana alipokwenda msikitini, Baba Swaumu, mume wangu, akautungua ukutani anionyeshe ubabe wake. Akavuta mpaka sikioni, bila mshale. Vidole vina jasho, vikateleza.

Paa!

Mzee hulisema kila tukija: upinde haufyatuliwi mtupu. Mshale ndio unaobeba ile nguvu; usipokuwepo, nguvu inarudi kwenye mti wa upinde.

Mume wangu akaukagua juu juu, akasema mzima, akautundika. Akanionya nisimwambie mzee.

Roho haikutulia. Nikachomoa sufi kidogo kwenye mto, nikaipitisha taratibu juu ya mti. Karibu na mahali pa kushikia ikanasa. Ufa, mwembamba kama unywele. Nikamwonyesha. Akasema niache umbea.

Huku mke wa mtu hamsemeshi baba mkwe ovyo. Neno zito hupitia kwa mume. Na mume mwenyewe ndiye huyo.

Kila nikifumba macho namwona mzee anavuta, mti unakatika, kipande kinamrukia usoni. Na mzee anaona kwa jicho moja tu. La pili lina ukungu siku nyingi.

Leo asubuhi ngedere wakaingia mahindini. Mzee akachukua upinde, akapachika mshale. Nikatoka jikoni mbio, hata ushungi sina.

"Baba, usivute! Una ufa!"

Mama mkwe akanitazama kama nimevua nguo. Mzee akamgeukia mwanawe.

"Eti, una ufa?"

"Mzima huo, baba. Wanawake hawa, unawajua."

Mzee akautoa mshale, akampa upinde.

"Haya. Vuta wewe."

Baba Swaumu akaushika. Akautazama pale pale nilipomwonyesha jana.

Hakuvuta.

Mzee ameingia msituni kutafuta mti mwingine. Mume wangu yuko uani anachezea simu.

Alhamdulillahi, jicho la mzee limesalimika. Hofu ndiyo haijaondoka, imehama tu. Kesho narudi Rasbura tunakoishi, nyumba moja na mtu aliyekuwa radhi baba yake avute kitu ambacho yeye hathubutu kukivuta.

Siku kitu kibovu kikiwa mkononi mwangu, ataniambia?