Adhis na Nyumba za Mizimu

Adhis wangu,

Kwanza usikasirike. Hapa kwenye ploti, kwenye hivi vyumba vya kupanga vya baba, wanasema umegeuka mzimu. Wanasema chumba chenu, kile cha mwisho karibu na bomba, hakikaliki, ati giza likiingia unasikika ukikohoa nyuma ya ukuta. Najua ungecheka mpaka ushike mbavu, halafu uniulize, "Na mimi ni mzimu wa aina gani, Shiko? Wa kukimbiza watu ama wa kukaa tu?"

Mimi sikucheka. Tangu Julai sijui kucheka vizuri.

Huenda hukumbuki siku ile ilivyokwisha, kwa hivyo nikuambie. Baridi ilikuwa imekaza wiki nzima, na wewe na baridi mlikuwa hampatani tangu utotoni. Ile sikoseli yako, ugonjwa wa damu uliozaliwa nao, ilikuwa imeshuka miguuni, ikapanda mgongoni. Mama yako alikuwa Lavington akifua nguo za watu, kwa sababu ulimwambia aende, uko sawa. Nilikuletea uji baada ya chakula cha mchana. Nilidhani umelala. Niliweka kikombe chini, nikakushika mkono, na mkono ulikuwa bado na joto, Adhis. Ndiyo maana nilikaa hapo nikikuongelesha. Niliendelea kukuongelesha mpaka mama yako akaingia na harufu ya sabuni, akaniangalia mimi kwanza, halafu wewe.

Walikupeleka kukuzika nyumbani kwenu, upande wa ziwa, kwa basi la kukodi. Mama yako aliporudi hakuweza kukanyaga kile chumba. Alisimama mlangoni, akamwomba baba yangu amtolee vyombo, akaenda kukaa kwa dada yake kule Sarang'ombe. Baba hakumuuliza habari ya kodi. Alibeba godoro mwenyewe.

Ile tivi gemu, mashine yetu ya michezo, bado iko sebuleni kwetu. Ulipoenda sikuigusa kwa muda mrefu. Nikiiona tu ilivyokaa juu ya kabati, na zile nyaya zake zilizofungwa kwa kitambaa, nakumbuka siku mjomba wangu alipoileta kutoka kwa wale Wazungu aliokuwa akiwapikia, walipokuwa wanahama. Baba alidhani ni redio iliyoharibika. Wewe ndiye uliyegundua waya unaingia wapi nyuma ya tivi. Kaseti za michezo yake zilikuwa chache, na wasichana wengine wa ploti walitaka ile ya magari. Wewe ulichagua ya mtu wa posta.

Nafikiri hakuna mtu duniani aliyelipenda lile jumba la mchezo huo kama wewe. Mtu wa posta anaingia na mkoba wake kwenye nyumba kubwa iliyo juu ya kilima, na kila barua ni ya mtu aliyekufa zamani. Mimi nilikuwa nakimbia. Nikiona kitu cheupe kinatoka ukutani, vidole vinaniganda, napiga kila kitufe, nakufa. Wewe ulikuwa unatembea polepole hadi kile chumba cha piano, ambapo kuna mama mmoja ameketi, ametugeuzia mgongo. Ukigusa piano anageuka na mchezo unaisha. Usipogusa, hafanyi kitu. Ulikuwa unamwacha mtu wa posta asimame pale mlangoni, unaweka kidude cha kuchezea chini, unakunywa chai. Nikikuuliza tunangoja nini, unasema, "Usiwe na haraka. Hapa ni kwake."

Halafu ile kaseti nyingine, ya mzamiaji anayeshuka kwenye kijiji kilichofunikwa na maji ya bwawa. Hapo palikuwa pa pili kwako. Ulipenda madirisha yenye taa chini ya maji, na vivuli vya watu vikiwa mezani kama wanaokula. Ulisema hao angalau wako pamoja. Kituo cha treni cha kaseti nyingine ndicho ulichokichukia, kile chenye abiria wasio na nyuso. Tulibishana sana juu yake, kwa sababu mimi nilikiona ndicho cha kutisha kuliko vyote, kwa hivyo ndicho kizuri kuliko vyote. Wewe ulisema hapana, pale hakuna mizimu, kuna watu wanaongoja tu, na kungoja unakujua vya kutosha.

Siku hiyo ya ubishi miguu ilikuwa inakuuma. Ulikuwa umeiweka juu ya mapaja yangu na mimi naikanda kwa mafuta. Nilikuuliza kwa nini mtu mgonjwa apende mambo ya makaburi. Ulinisogezea mguu wa pili. Baadaye ukasema, "Kwenye hizi gemu, mahali pengine pote ni pa kupita. Palipo na mzimu tu ndipo kuna mtu ambaye bado anapapenda." Nililibeba neno hilo, Adhis. Ndilo lililonifanya nitende nilichotenda.

Mpangaji wa kwanza wa chumba chenu alikuwa fundi wa viatu. Hakukaa, alisema usingizi haumjii. Akaja mama mmoja na watoto wake, akasikia kikohozi. Alimwambia mwenzake bombani, na ikifika bombani imefika Kawangware yote. Watu wa kituo cha matatu cha 46 wakaanza kunionyesha kidole: ni huyu, rafiki yake. Baba alipochoka alimwita mhubiri wa huko Riruta aje aombee chumba.

Walikuja Jumamosi mchana, yeye na akina mama wa kanisa lake. Walizunguka kuta wakiimba. Yule mhubiri aliweka kiganja mahali kitanda chako kilipokuwa, akaanza kufukuza pepo. Pepo mchafu, alisema. Pepo wa mauti, toka, usirudi tena. Nilikuwa nimesimama nje na ndoo ya maji. Sikupanga kusema kitu. Nilisikia tu sauti yangu ikisema, "Huyo mnayemfukuza ni Adhiambo." Nililitaja jina lako zima, si Adhis.

Wimbo ulikatika. Mhubiri aliniambia kwa upole kwamba wafu hawarudi, ni shetani anayevaa sura zao. Nikamwambia kama hawarudi basi aache kupiga kelele ndani ya nyumba ya mtu. Watu wote walimwangalia baba, wakingoja anichape kofi, naye ni mtu anayeheshimiwa pale, mzee wa kanisa letu. Baba aliinamisha kichwa. Aliwashukuru wageni, akawapa chai, akawasindikiza hadi barabarani.

Jioni hiyo alinikuta sebuleni nimewasha tivi gemu. Nilikuwa nimefika kwenye chumba cha piano na nimekwama, mtu wa posta amesimama mlangoni. Baba, ambaye huita kile kitu upuuzi, alivuta kiti. Aliuliza kama hapo ndipo ulipokuwa unapenda. Nikamwambia ndiyo. Akauliza yule mama ataketi hivyo mpaka lini. Nikamwambia mpaka stima ipotee, tivi izime. Tulikaa tukimwangalia, halafu nikamwomba anipe chumba chenu nihamie mimi. Hakuuliza kwa nini. Kesho yake alinipa kufuli na funguo zake.

Sasa nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu hapa.

Sikuhamia ili kunyamazisha watu. Nilihamia kwa sababu niliwaamini. Nilitaka unikoholee. Niliweka kitanda pale pale pako, nikaning'iniza kanga yako ya njano uliyoniachia, nikanunua mafuta yale yale ya kukanda miguu na kuyaacha wazi ili harufu isambae. Nilirudi kutoka dukani ninapofanya kazi kila jioni nikifungua mlango polepole, kama unavyomfungulia mlango mtu aliyelala. Nilikuongelesha. Nilikutukana hata, nikakuita mjinga kwa kumwambia mama yako uko sawa. Mvua ilipoanza maji yaliingia upande wa dirisha, nikahama upande wa pili, nikangoja huko.

Hukuja. Kikohozi ni cha mzee wa chumba kinachopakana na chenu, ukuta ni mbao tu. Chumba ni chumba. Kina joto mchana na baridi asubuhi, na hakuna mtu ndani yake isipokuwa mimi. Sijawahi kuona mahali patupu namna hiyo. Ningependa kuogopa, Adhis. Ningeshukuru kuogopa.

Nilikuwa bado nimebeba hayo nilipoenda kumwona mama yako juzi. Nilitembea kwa miguu, nikafuata Ngong Road, nikashuka Kibera mpaka Sarang'ombe, nikimuulizia njiani. Nilimkuta amekaa nje anachambua mboga. Amekonda. Alinikaribisha ndani, akaingia na mboga zake, akanipa kigoda, na kabla sijamaliza salamu aliniuliza kama ni kweli. Habari zilikuwa zimemfikia. Aliambiwa na mwanamke wanayefua naye kwamba binti yake hajatulia, anatembea, anakohoa usiku. Alisema tangu siku hiyo hali chakula. Anajiuliza tulikukosea nini, kama ni namna ulivyozikwa, kama ni kwa sababu ulikuwa bila yeye saa ile. Alikuwa ameanza kutafuta nauli ya kwenda nyumbani kuuliza wazee.

Nilikuwa nimekuja nikiogopa kumwambia. Niliona nikisema hukurudi, nitakuwa nimemnyang'anya hata hicho kidogo. Maana kwangu mimi kilikuwa ndicho kidogo kilichobaki.

Nilimwambia, "Mama, nimehamia mle. Nalala mahali pake. Hayuko."

Aliniuliza, "Hayuko kabisa?"

"Hayuko kabisa."

Aliweka mboga chini. Alifunika uso kwa leso na mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani nimemuua. Halafu nikasikia anasema kwa Kiswahili chake kile cha kukatika, "Basi amelala. Mtoto wangu amelala." Alirudia hivyo, akarudia tena, kama mtu aliyeweka mzigo chini na bado hajaamini mabega ni yake. Nililia naye. Yeye alilia kwa sababu chumba ni kitupu, na mimi nililia kwa sababu hiyo hiyo, na tulikuwa tumeshikana mikono. Baadaye alisonga ugali, akala nami nikimwangalia.

Sijapoa, usidhani. Nikikuambia nimekubali nitakuwa nakudanganya. Lakini usiku ule nilirudi, nikafunga mafuta kwa kifuniko chake, na kwa mara ya kwanza sikusikiliza ukuta.

Nitamwendea mama yako kila Jumapili baada ya kanisa. Hilo nakuahidi, na wewe unajua mimi huwa sivunji. Ameniita nyathina, mtoto wangu, na anasema kama nitaendelea kuja basi nijifunze kusema na yeye kwa lugha yake, amechoka kutafuta maneno ya Kiswahili. Ameshanifundisha neno la kuaga. Ulimi wangu bado ni mzito, alinisahihisha mpaka tukafika barabarani, lakini nafikiri sasa nimelipata.

Oriti, Adhis.

Shiko