Mapinduzi Hayana Jela

Rumonge, 3 Mei 2016

Mwanangu Joanita,

Amahoro, amani iwe nawe. Sisi tuko wazima, mama yako anakohoa kidogo tu. Huko milima ya Fizi, ng'ambo ya ziwa, unalala wapi, unakula nini? Barua hii anaivusha Émérance, yule mama wa Uvira anayenunua mawese yetu. Jibu mpe yeye.

Najua kwa nini uliondoka. Mchumba wako Aristide alipigwa risasi kwenye maandamano akiwa amekushika mkono. Ningekuwa na umri wako labda ningevuka kwenda kwa waasi pia. Lakini mimi ndiye niliyekufundisha falsafa shuleni pale lise, kwa hiyo nakuuliza: mtu akishazoea kuua kwa ajili ya haki, siku haki ikifika ataachaje?

Baba yako,
Pontiani

Fizi, 11 Juni 2016

Baba mpenzi,

Shikamoo. Niko muzima, malaria imepona. Mama anywe maji ya moto.

Wale polisi waliomburuta Aristide kwa miguu mpaka kwenye gari lao la kamioneti, kichwa kikigonga mawe, nani aliwauliza maswali ya falsafa? Ulitufundisha kwamba mtu si chombo cha mtu mwingine. Tunapigania hilohilo. Komanda wetu Mulamba anasema mapinduzi kwanza, maadili yatafuata, maana haya yaliyopo wameyatunga wenye bunduki. Mimi namwamini.

Mama asiende Kigwena siku hizi.

Mwanao

Rumonge, 29 Agosti 2016

Joanita,

Amahoro, kama neno hilo bado linafaa. Afya zetu si mbaya.

Wenzako walikuja hapa jirani, Kigwena. Polisi Faridi alitupa bunduki akanyoosha mikono. Wakamkata shingo kwa panga. Mkewe Pascasie, aliyekuwa akikuuzia samaki wa ndagala ukitoka shule, alikimbilia kwenye michikichi, wakampiga risasi ya mgongo. Nilisaidia kumbeba. Damu yake ilipenya shati langu ikafika kwenye ngozi. Aliniuliza amekosa nini. Akafa akiniangalia.

Ulikuwepo?

Baba yako

Fizi, 2 Oktoba 2016

Baba, mama, shikamooni.

Mwili wangu ni muzima. Nilikuwepo.

Nilimwambia Mulamba, "Huyu polisi ameshajisalimisha." Akasema, "Mapinduzi hayana jela." Nikawapisha. Pascasie sikumpiga mimi, lakini nilimwona anakimbia na sikufungua mdomo.

Wiki iliyopita walileta mateka, askari wa Bugarama anaitwa Olivier. Mulamba akanipa kisu, akasema nimmalize, waone kama niko nao kweli. Nikampeleka mtoni, nikakata kamba, nikamwambia mimi ni binti wa mwalimu wa Rumonge, akimbie. Mlinzi aliyetufuata akainua bunduki amlenge. Nikampiga yule mlinzi risasi tumboni. Alikuwa Éphraïm wa Nyanza-Lac, tulikuwa tunakula sahani moja. Alimuita mama yake mpaka akakata roho.

Baba, nimeua ili nisiue, na sijui niite nini jambo hilo. Sasa wananiwinda. Nataka kurudi nyumbani. Ukisema njoo, navuka.

Mwanao

Rumonge, 24 Oktoba 2016

Mutoto wangu,

Amahoro. Mimi niko. Hii barua ninaandika mimi mama yako Kornelia, sababu baba yako hayuko tena.

Yule Olivier alifika kwao. Akasimulia kwamba ameokolewa na binti wa mwalimu wa Rumonge. Nadhani alitaka kukushukuru tu. Watu wa serikali wakasikia, wakaja hapa bila yunifomu. Wakaweka karatasi mezani. "Mwandikie aje, tutampokea vizuri."

Baba yako akauliza, "Mtamfanya nini?" Wakacheka.

"Basi siandiki."

Wakamvunja vidole vya mkono wa kulia kwa nyundo, kimoja kimoja. Mmoja akamwambia, "Mwalimu, mtoto wako ni muuaji. Unamlindia nini?"

Akasema, "Ndiyo, ameua. Mpelekeni mbele ya hakimu, nitakuja mwenyewe kusema aliyoniandikia. Nyinyi siwapi."

Wakampiga mbele yangu mpaka akaacha kusogea.

Tumemzika Jumapili. Olivier alikuja, akasimama mbali peke yake. Watu walitaka kumfukuza. Nikampa koleo, akafukia pamoja na wengine.

Wewe usije. Shuka Uvira, Émérance atakuficha. Bunduki itupe ziwani kabla hujaingia mjini.

Mimi Jumamosi nakwenda Nyanza-Lac kumtafuta mama yake Éphraïm. Sitamficha ni nani aliyemuua. Ataniuliza mwanawe amelala wapi. Niandikie mahali mlipomzika, na kama hamkumzika, rudi kule mtoni kwanza.

Mama yako