Folda Isiyokaguliwa

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mustafe alikuja baada ya Asr. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Khalif. Alitoka sokoni kwenye mifugo yake, akaleta maziwa ya ngamia kama kawaida, akamuuliza binti yangu Saynab habari za darasa la nne. Mambo ya siku zote.

Kisha, kikombe mkononi: huko Foi kuna joto kama hapa tu, Idil. Na mtoto atapata duksi gani ya Kurani?

Voi! Kwake v ni f, lakini nilimsikia vizuri. Chai ilinipanda puani.

Sijamwambia mtu habari za Voi. Si mama yangu, hooyo, si walimu wenzangu. Ombi la uhamisho niliandika kwenye kompyuta ya Khalif, hapa sebuleni, nikalituma kwa imeli. Basi. Nilimjibu nini? Nilicheka. Nikasema watu wanaongea mengi.

Tangu eda iishe mama mkwe anauliza lini nitatoa jibu la dumaal — niolewe na ndugu wa mume wangu, kama desturi yetu. Mustafe mwenyewe hajanisukuma hata mara moja. Ni mtu mwema, wallahi. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa kalamu. Na kwa Kiswahili, maana hooyo hakisomi, na Saynab hapekui vitu vyangu.


Jumatatu, 6 Oktoba

Kompyuta nzito. Feni inanguruma na hakuna nilichofungua.

Nikaandika kwenye intaneti: nitajuaje kama mtu anasoma imeli zangu? Mara dirisha jekundu, king'ora juu yake: KOMPYUTA YAKO IMEINGIWA NA VIRUSI! BONYEZA HAPA USAFISHE BURE! Kidole kilikuwa tayari juu ya kipanya.

Nikampigia Hinda kwanza. Tulisoma pamoja sekondari, sasa anafundisha kompyuta chuoni. Alipiga kelele mpaka Saynab akasikia. Usiguse! Hiyo yenyewe ndiyo virusi, abaayo, dada yangu! Funga dirisha, zima intaneti. Programu za bure za kukinga zipo na ni nzuri, anasema, lakini unaenda mwenyewe kuichukua kwenye tovuti ya waliotengeneza. Haiji kukupigia hodi.

Atakuja kesho. Nimefunika kompyuta kwa shuka. Ujinga, najua.


Jumanne, 7 Oktoba

Niandike kwa utaratibu.

Hinda alifika baada ya chakula cha mchana na flashi mpya. Kwanza tukahifadhi picha na kazi zangu za shule. Kisha akafungua kinga iliyokuja na Windows yenyewe — ya bure, ipo siku zote, mimi sikujua hata inakaa wapi. Inafanya kazi. Imesasishwa. Kijani kila mahali.

Nikashusha pumzi. Yeye hakushusha.

Akaingia ndani zaidi kwenye mipangilio. Akaniita: Idil, njoo uone. Kuna folda moja kinga imeambiwa isiikague. Imeambiwa na mtu, anasema, aliyekaa kwenye kiti hiki na kuingiza nywila.

Akaleta programu nyingine ya bure, ile ya kukagua mara moja tu kisha unaiondoa. Mbili zikikaa macho pamoja zinagombana, anasema. Tukaikagua folda. Mstari ukatambaa, ukatambaa. Nilisikia mwadhini wa msikiti wa nyuma na sikuinuka.

Ikaipata. Si virusi vya kutoka mbali. Programu ya kupeleleza. Inarekodi kila herufi, inapiga picha skrini, na kila asubuhi inatuma.

Kwa nani? nikauliza. Nilijua atasema Mustafe.

Hinda akasoma anwani, kisha akanitazama kama mtu aliyebeba maiti. Ilikuwa imeli ya Khalif. Na tarehe ya kuwekwa — Machi 2022. Mume wangu alikuwa hai. Alikuwa akilala kitanda kile pale. Ajali ya barabara ya Modogashe ilikuja mwaka mzima baadaye.

Simu ya Khalif nilimpa Mustafe kwa mkono wangu, apate namba za wateja wa mifugo. Imeli bado imo ndani yake.

Hinda alitaka kuiondoa hapo hapo. Kitufe kimoja. Nikamshika mkono. Ngoja.

Ngoja nini? akauliza. Nikavuta shuka juu ya kompyuta. Basi ukae mbali na mashine, akasema. Badili nywila zote, lakini kwa simu yako, si kwa hii. Nilibadili. Nywila yangu ya zamani ilikuwa jina lake.


Jumatano, 8 Oktoba

Nimefundisha vibaya leo. Machi 2022. Nilifanya nini Machi 2022? Nilikuwa nikimwandikia mwalimu mwenzangu wa Wajir habari za mitihani. Nilitafuta mapishi. Nilitafuta dawa ya kupata mtoto wa pili. Alisoma hiyo pia?

Alikuwa akinichekesha wakati wa kula. Alikuwa akisema: mimi na wewe hatuna siri.


Alhamisi, 9 Oktoba

Saynab alipokwenda duksi nilivuta shuka, nikawasha mashine na intaneti. Hinda angenipiga.

Nikafungua ukurasa mtupu. Nikaandika kwa Kisomali, ili asikose neno hata moja:

Mustafe. Najua unasoma. Usimwambie mama yako. Njoo uniambie usoni.

Nikauacha ukurasa wazi mpaka programu iupige picha. Kisha nikazima skrini tu; mashine nikaiacha, itume asubuhi. Jasho mgongoni kama nimebeba maji.

Asiposoma? Akisoma asije? Akija na wazee?


Ijumaa, 10 Oktoba

Amekuja baada ya swala ya Ijumaa. Peke yake. Hakuleta maziwa.

Nilimkuta kibarazani, kofia mkononi, kama mgeni. Sikumkaribisha. Nikauliza: tangu lini?

Tangu uliponipa simu, akasema. Imeli zilikuwa zinaingia kila asubuhi. Nilidhani ni kazi za Khalif. Nikafungua moja, nikaona ni maneno yako. "Abaayo, ningefunga siku ile. Sikufunga."

Kwa nini hukuniambia?

"Ningekuambia ndugu yangu alikuwa anakuchungulia? Ningeanzia wapi?"

Nikamwambia: lakini ulianzia Voi! Ulikunywa chai yangu ukaanzia Voi!

Aliinamisha uso. Akasema Voi ilimtoka. Akasema aliogopa tutaondoka, yeye na mama wakose harufu ya Khalif kabisa, maana Saynab ndiye amebaki. Habari ya dumaal, anasema, nijibu ninavyotaka. Yeye hatasema neno. Nilimwamini. Nikakasirika kwa kumwamini.

Kisha akatoa simu.

"Za zamani zimo," akasema. "Za wakati Khalif yu hai. Zile sikufungua, wallahi. Lakini nyingine Khalif alijijibu mwenyewe, akaandika maneno yake. Nimeona tu kwamba yapo. Nifute zote mbele yako sasa hivi? Au unataka kujua alikuwa anatafuta nini?"

Nikachukua simu, nikaingia ndani, nikakaa hapa mbele ya kompyuta. Nimeikagua tena ile folda, na programu ya Hinda inauliza: Ondoa? Nimebonyeza. Mstari wa kijani, tayari, imesafishwa. Hilo limekwisha.

Simu bado. Imo kwenye mapaja yangu, ina moto wa mkono wake. Jina langu liko juu kabisa, na chini yake orodha inashuka, inashuka, mpaka Machi. Kwenye mstari mmoja naona ameanza: "Idil leo ame—" na kilichobaki kimekatwa na ukingo wa skrini.

Saynab amerudi. Namsikia akimsalimia baba yake mkubwa kibarazani, akimuuliza mbona hakukaribishwa ndani. Mustafe anasogea mlangoni. Anakohoa. Ananiita kwa sauti ya chini:

Idil? Nije nizifute?