Mama Aliposikia Kengele ya Baiskeli Msituni

Shoga, usinipigie. Mama yuko kando yangu hapa garini, atasikia.

Nilimleta ule msitu wa umma anyooshe miguu. Si unajua ile njia yake, wanapita wote, watembeaji, baiskeli, mpaka farasi?

Basi baiskeli ikatokea nyuma, ikapiga kengele tupishe. Mimi nikapisha. Mama akageuka, AKAIENDEA! Mbio, huku anauweka sawa mtandio wake! Yule mwendesha baiskeli akajitupa kichakani kumkwepa.

Nikamtukana mtu wa watu, kumbe masikini hana kosa.

Mama ananiambia, “Niache, kengele imelia, watoto wananingoja.”

Watoto gani, shoga? Ualimu alistaafu mimi na wewe hatujaolewa!

“Kengele imelia.” Kwa sauti ileile aliyotufundishia hesabu.

Na kaka yangu kila siku, “Ni uzee tu, unakuza mambo.” Uzee tu! Aje aone!

Nikamshika mkono, machozi yananitoka, nikamwambia twende nyumbani. Akanipangusa uso kwa mtandio wake, kwa upole kabisa.

“Usilie, binti. Mama yako atakuja kukuchukua.”